Lori Lisimame Lami, Dereva Afike Nyumbani

Dereva wa semi-trela aliyezaliwa Kyela anapopata siku zake za kupumzika, jambo la kwanza linalomkaa kichwani si zawadi ya watoto wala nauli. Ni gari: analilaza wapi? Kwao ni Ipinda, Ngonga, Mwaya au Ikolo. Gari ni la tajiri, lina urefu unaozidi mita 16, na hata likiwa tupu halipungui tani 15. Msimamo wangu ni huu. Kyela, semi lisiache lami kwenda kijijini, masika wala kiangazi. Lakini gharama ya kulizuia lisiache lami haimhusu dereva. Inamhusu mwenye gari, ambaye anapaswa kulipia maegesho kama anavyolipia dizeli, na inaihusu halmashauri, ambayo inapaswa kutenga mahali panapofaa. Kwa kuwa wote wawili wamekaa kimya, mzigo umemwangukia dereva peke yake, naye anaulipa kwa faini, kwa makato ya mshahara na kwa likizo anayoimaliza akilala ndani ya kabini mita mia mbili kutoka kitanda chake.

Wengi wakisikia hoja hii husema mpakani Kasumulu kuna maegesho, shida iko wapi? Hapo ndipo penye kosa la msingi, na ndilo limefanya jambo hili lisipate ufumbuzi. Kuna maegesho ya kusubiri na kuna maegesho ya kupumzika, na ni biashara mbili tofauti. Yadi ya mpakani imejengwa kwa ajili ya foleni. Lori linaingia leo, nyaraka zinashughulikiwa, linavuka Mto Songwe kuingia Malawi, nafasi inabaki kwa mwingine. Bei yake ni ya siku kwa siku na mpangilio wake ni wa magari yanayoingia na kutoka muda wote. Dereva wa likizo anataka kinyume chake: kona moja tulivu kwa siku tano, kumi, pengine mwezi mzima, ambako gari halitasogezwa, halitazibiwa, na funguo hazitaachwa kwa mtu asiyemjua. Mpaka ukikwama, kama ilivyotokea Aprili 2025 wakati Tanzania na Malawi zilipozuiliana mazao, kila kipande cha ardhi ngumu karibu na Kasumulu hugeuka foleni. Siku hizo gari la mtu aliye likizo ndilo la kwanza kuambiwa litoke.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wa usafirishaji walioko Dar es Salaam huwa hawaliweki kwenye hesabu. Mara nyingi mtu wa Kyela harudi nyumbani kwa likizo iliyopangwa. Anarudi kwa msiba. Kwa Wanyakyusa msiba si jambo la kutuma rambirambi kwa simu. Usipofika utaulizwa, na utaulizwa kwa miaka. Dereva yuko Makambako na mzigo umeshashushwa, simu inaita usiku: baba mdogo ametutoka. Anampigia tajiri. "Shikamoo bosi. Nimefiwa nyumbani." "Marahaba. Pole sana kijana wangu. Gari iko wapi?" "Ninayo hapa Makambako, tupu." "Basi pitia nyumbani uzike, keshokutwa uniambie. Lakini gari ikae salama." Ruhusa imetoka kwa moyo mwema, na agizo la mwisho ndilo linalomtesa kijana, maana tajiri hakusema salama ni wapi wala hakutuma senti ya kulipia hiyo salama. Saa nane usiku atakuwa njia panda na mazishi yanaanza asubuhi. Atafanya nini? Atashuka nalo kijijini.

Kwa nini asishuke? Kwanza ardhi. Uwanda wa Kyela umejengwa na udongo ulioletwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo kutoka milima ya Rungwe na Livingstone. Ndiyo maana mpunga wake unasifika nchi nzima na kakao inastawi chini ya migomba. Udongo huohuo haubebi ekseli. Maji ya ardhini yako juu, mvua za masika zinaendelea hadi Mei na mara nyingine zinavuka, na uso wa ardhi unaweza kukauka ukapasuka huku nusu mita chini kukiwa na uji. Dereva mgeni huudharau kwa kuwa unaonekana mgumu. Mwenyeji huchukua mtaimbo, akauchoma mahali tairi za nyuma zitakapokaa. Ukizama kwa nguvu ya mikono miwili bila kugongwa, hapo hapalazwi gari. Hiki ni kipimo cha dakika moja, na kimeokoa gharama za krini ambazo huzidi mshahara wa mwezi.

Njia yenyewe nayo ina mambo yake. Barabara za vijijini ziko chini ya TARURA, na kalavati zake nyingi zilijengwa kwa ajili ya Noa, bajaji, pawatila na fuso la mpunga. Semi likipita mara moja, pengine kalavati halitavunjika. Litapata ufa, mvua itaingia kwenye ufa, na mwezi wa nne kijiji kitakatika bila mtu kukumbuka ni nani aliyepita Desemba. Nyaya za umeme zinazovuka njia kuelekea nyumba za watu huning'inia chini, na lori lililobeba kontena lina kimo cha zaidi ya mita nne. Nimeona tingo akipanda juu ya tela na ubao mkavu kunyanyua waya ili gari lipite. Aliye hai na aliyekufa katika kazi ile hutenganishwa na unyevu wa ubao tu.

Baadhi hujibu: basi niache tela juu, nishuke na kichwa. Kwa upande wa mlima wazo hili lina maana. Kutoka Tukuyu hadi usawa wa ziwa unashuka zaidi ya mita 1,000, na kupandisha tela tupu mlima ule kwa sababu tu ulikwenda kusalimia nyumbani ni kuchoma dizeli na kuchosha breki bila faida. Lakini tela lililoachwa peke yake lina shida zake. Uzito wa mbele wote unakaa kwenye miguu miwili yenye vikanyagio vya chuma visivyozidi upana wa sahani ya wali. Kwenye udongo laini, au hata kwenye kifusi kilichomwagwa bila kushindiliwa, mguu mmoja huzama kabla ya mwingine, tela linalala upande, na ukirudi na kichwa hakiwezi kuingia chini yake. Anayelazimika kuacha tela aweke vipande vya mbao ngumu, vipana, chini ya kila mguu, kisha arudi kutazama baada ya mvua ya kwanza. Nasema hivi kwa sababu watu wataendelea kufanya. Sisemi kwamba ni suluhisho.

Hata semi lililokamilika likikaa siku kadhaa hubadilika. Upepo wa breki hupungua kidogo kidogo kwenye matangi, na breki za springi hujifunga. Kifaa cha kufuatilia gari kinaendelea kula betri. Mto Kiwira ukifurika usiku, dereva hawezi kuruka kitandani akaondosha gari papo hapo: aliwashe kwanza, kama betri ina nguvu, angoje upepo ujae, ndipo breki ziachie. Dakika hizo ndizo tairi zinapoanza kuzama. Kwa hiyo, mahali pa kulaza gari kwa wiki nzima pawe pagumu na pasipofikiwa na maji. Yadi nyingi za uwandani zina sifa ya kwanza kwa sababu ya kifusi, na zinakosa ya pili.

Upande wa sheria, makosa ya kuelewa ni mengi, na ya kwanza ni kwamba pembeni ya barabara ni pa serikali na hivyo ni pa kila mtu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kuwa mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Eneo hilo liko chini ya TANROADS na si maegesho ya bure. Kibaya kuliko faini ni hatari yenyewe: semi lililosimama begani mwa barabara usiku, bila pembetatu za kung'aa, kwenye ukungu wa Isyonje au kwenye mteremko wa kuelekea Ibanda, linaua. Bodaboda hulikuta lipo pale akiwa na taa ya mbele inayopepesa, na hakuna breki ya pikipiki itakayomsaidia.

Wengine hupeleka gari kando ya maji, Matema au kwenye kingo za Mbaka, kwa sababu mchanga unaonekana imara na mahali pa kuoshea pako karibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na gari linalolazwa pale wiki baada ya wiki ni la kuhesabiwa. Binafsi, kinachonigusa zaidi ni mbasa. Samaki huyu anatoka Ziwa Nyasa na kupanda mitoni kutaga wakati wa mvua. Oili inayodondoka chini ya injini na maji ya kuoshea tela lililobeba mbolea yanashuka mahali palepale anapopita. Wavuvi wa Kyela wanalia kila mwaka kwamba mbasa amepungua. Tusimwongezee shida kwa kutafuta kivuli cha kupakia.

Kosa la pili la kuelewa: kiwanja ni changu, gari nalilaza ninavyotaka. Kiwanja ni chako, njia ya kukifikia si yako, na usalama wa jirani si wako kuuchezea. Hapa nitakuwa mkali kuhusu matenki ya mafuta. Mwaka 2000, kwenye barabara hiihii ya kushuka Kyela, pale Idweli wilayani Rungwe, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukaua makumi. Agosti 10, 2019, Msamvu mjini Morogoro, lilirudi jambo lilelile na waliokufa walizidi 100. Watu huchukulia matukio hayo kama ajali za barabarani tu. Tenki lililoshushwa mafuta bado limejaa mvuke unaowaka kuliko mafuta yenyewe, na mita kumi kutoka hapo kuna jiko la kuni, mafiga matatu na sufuria la msiba. Tenki, liwe limejaa au tupu, lisiingie kwenye makazi kwa sababu yoyote. Dereva wa tenki aliyefiwa aliache kwenye yadi ya lami, hata kama yadi hiyo iko Uyole, na ashuke kwa Kosta.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba kuwa na mlinzi ni kuwa na usalama. Wizi unaowaumiza madereva si wa gari zima. Ni wa dizeli, betri, tairi la akiba na turubai. Mpira wa maji na dumu vinatosha kumaliza nusu ya tangi usiku mmoja, na pengo lile tajiri hulikata kwenye mshahara. Mlinzi anayelipwa kidogo na mwenye gari asiyemfahamu ana sababu chache za kukesha na sababu nyingi za kusinzia. Kinachozuia wizi ni taa, uzio unaofungwa, mfuniko wa tangi wenye kufuli, na zaidi ya yote daftari. Gari likiingia, mlinzi na dereva wasome pamoja geji ya mafuta, wahesabu betri na tairi, waandike, wasaini, na picha ipigwe kwa simu ya dereva. Likitoka, wasome tena. Mahali penye daftari wizi hupungua hata kama ukuta ni wa mabanzi.

Kuhusu bima niseme kwa kifupi. Mwenye bima kubwa asome masharti yake kabla ya kumwambia dereva apitie nyumbani. Kampuni ya bima inaweza kuuliza gari lilikuwa wapi, kwa ruhusa ya nani, na kwa nini liliacha njia ya kazi. Ruhusa ya mdomo saa nane usiku haina ushahidi. Ujumbe mfupi wa simu unao. Na mzigo wa transiti wenye sili ya TRA hauna mjadala: lori lile haliachi njia iliyopangiwa, hata kama nyumbani kwa dereva panaonekana kutoka barabarani.

Sasa tumsikilize dereva mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 24 za mapumziko kila wiki na siku 28 za likizo kwa mwaka. Dereva anayelala kabini kulinda gari la tajiri, hata kama kabini hiyo imesimama uani kwa mama yake, hajapumzika. Yuko kazini bila malipo. Ulaya waliliona hili wakalitungia kanuni mwaka 2020: mwajiri anapaswa kupanga safari ili dereva aweze kurudi kwao angalau kila baada ya wiki nne, na pumziko refu la wiki halichukuliwi ndani ya gari. Marekani ilihitaji kifo. Jason Rivenburg, dereva wa lori, aliuawa na jambazi mwaka 2009 huko South Carolina alipokuwa amelala kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa kwa kukosa pa kusimama; mwaka 2012 sheria iliyopewa jina lake ikalazimisha serikali kupima upungufu wa maegesho ya malori nchi nzima. Sisemi Kyela iige Ulaya wala Marekani. Nasema kote huko waliacha kuliona jambo hili kama usumbufu wa dereva mmoja mmoja.

Kwa hapa kwetu, nafuu ya haraka iko kwenye viwanja ambavyo tayari vinapokea malori. Mashine za kukoboa mpunga kando ya lami zina nafasi ya kugeuzia, zina kifusi kilichokanyagwa miaka mingi, zina umeme na mlinzi. Msimu wa mavuno zimejaa, lakini kuanzia Oktoba hadi Aprili nyingi zimepoa, na Desemba ndio mwezi wa watu kurudi nyumbani. Angalizo moja: gari lisipandishwe kwenye sakafu ya kuanikia mpunga, maana ile haikujengwa kwa ekseli. Vivyo hivyo maghala ya AMCOS yanayokusanya kakao kwa ajili ya mnada wa stakabadhi ghalani yana uzio na walinzi wa usiku kwa sababu mali iliyomo ni ya thamani. Chama kikipanga nafasi chache upande wa nyuma, kwa bei ya wiki na si ya siku, wanachama wanapata mapato ambayo hayategemei bei ya kakao. Viwanja vya shule na makanisa visiguswe. Watoto hucheza chini ya tela. Najua wazazi wanajua, lakini kila mwaka gari linaonekana limelazwa golini.

La muda mrefu ni yadi moja ya mapumziko iliyo mbali na foleni ya mpaka. Ningeiweka upande wa Ibanda, panapochepuka njia ya kwenda bandari za Kiwira na Itungi, kwa kuwa pale ardhi haijashuka kabisa kwenye uwanda wa mafuriko na dereva anapata usafiri wa kwenda pande zote. Wa Matema na Ipinda atashukia Kikusya na kuendelea na lami ile ya kilometa 39. Ardhi kama ni ya kijiji, halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu waamue mapema, maana yadi nyingi nchini zimekufa kwa mgogoro wa mipaka kabla hazijafa kwa kukosa wateja. Uendeshaji wapewe vijana kupitia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana kinaweza kusimamia geti, daftari, taa na kisima. Matenki yatengewe upande wake, mbali na vibanda vya mama lishe. Na geti lifunguliwe saa yoyote, bila kuhitaji mtu apige simu siku moja kabla, kwa sababu msiba hautoi taarifa.

Kwa wenye magari nina ombi dogo lenye uzito. Kwenye karatasi ya safari, pale mnapoandika dizeli, mizani, posho na ushuru, ongezeni mstari wa maegesho ya mapumziko na nauli ya dereva kutoka yadi hadi kwao. Kiasi hicho ni kidogo mno ukikilinganisha na betri mbili au siku moja ya krini. Kikiandikwa, dereva hana sababu ya kushuka kijijini, na akishuka ana swali la kujibu. Kisipoandikwa, swali ni lako wewe tajiri.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai, na mipango yake hukusanywa kuanzia ngazi ya kijiji na kata miezi mingi kabla. Diwani wa Kyela anayesoma hapa alipeleke jambo hili kwenye kamati ya maendeleo ya kata yake sasa, likiwa na eneo lililotajwa kwa jina na kikundi cha vijana kilichosajiliwa, ili lifike kwenye baraza likiwa bado na nafasi ya kuingia kwenye bajeti.